Fantomu kubwa ya ACR: inamfaa mwanafunzi gani wa uzamili wa MRI hapa Nairobi?

Tuanze na hukumu, maana wengi husoma tathmini kwa ajili ya hiyo tu. Idara yoyote ya Nairobi inayofundisha wanafunzi wa uzamili kupiga au kusoma picha za MRI, zinazopigwa kwa sumaku na mawimbi ya redio, na ambayo bado haina fantomu hii, chombo kinacholazwa kwenye mashine badala ya mgonjwa ili kuipima, iinunue. Mwanafunzi binafsi asijisumbue kununua ya kwake. Na anayetarajia ifundishe kumhudumia mgonjwa atafute mwalimu mwingine, kwa sababu hapo haisaidii chochote.

Ni silinda ya akriliki iliyobuniwa kwa mpango wa ithibati wa American College of Radiology, yaani ACR. Kwa ndani ina urefu wa milimita 148 na kipenyo cha milimita 190, hivyo huingia pale ambapo kichwa cha mtu mzima kingekaa. Imejazwa maji yenye kloridi ya nikeli, milimoli 10 kwa lita, na chumvi ya kawaida, milimoli 75 kwa lita. Nikeli hufupisha T1 na T2 ya maji, yaani muda wa maji kurudi hali yake ya kawaida na muda wa ishara yake kufifia, ili skani isichukue siku nzima. Chumvi huyafanya maji yapitishe umeme, ili koili, antena inayopokea ishara, ihisi mzigo unaokaribiana na wa mwili. Kwa nje yamechorwa maneno NOSE na CHIN, pua na kidevu, kukuonyesha jinsi ya kuilaza. Ndani ya maji kuna vipande vya plastiki vilivyochongwa kwa vipimo maalumu, na hivyo ndivyo unavyonunua hasa. Maji ni kijalizo tu.

Shida ya zamu ya MRI katika mji huu inajulikana. Foleni ni ndefu, mgonjwa amelipa au amengoja idhini ya bima, na mashine haipumziki. Mwanafunzi hukaa nyuma ya radiografa, anatazama itifaki zilizokwisha kuwekwa zikibofywa moja baada ya nyingine, kisha anaenda chumba cha kusomea picha kutafuta uvimbe. Zamu ikiisha anautambua uvimbe, lakini hajui picha ilipatikanaje wala inaweza kumdanganya wapi. Huwezi kumrudisha mama mwenye maumivu ya mgongo ndani ya sumaku mara nne ili uone TE, muda wa kungoja ishara kabla ya kuipokea, ikiongezwa kunatokea nini. Fantomu unaweza. Zaidi ya hayo, majibu yake yanajulikana kabla haijaingia: kipenyo ni 190, si 186. Picha ikisema 186, kosa ni la mashine au la aliyepima, na umahiri unaanzia pale mwanafunzi anapoweza kusema ni la nani.

Kuilaza vizuri ni nusu ya kazi. Kama ilikuwa stoo, au imesafirishwa kwenye buti ya gari alfajiri ya Julai, ilale kwanza ndani ya chumba cha sumaku usiku mzima, kwa sababu T1 ya maji hubadilika na joto. Iweke kwenye koili ya kichwa, NOSE ikitazama juu, CHIN upande wa miguu. Itegemeze kwa sponji ngumu. Taulo lililokunjwa hubonyea polepole skani ikiendelea. Hakikisha imelala sawa kwa pima maji ya plastiki tupu. Pima maji ya fundi wa ujenzi, yenye fremu ya chuma au sumaku ndogo ubavuni, isivuke mlango wa chumba hicho hata kwa bahati mbaya. Weka leza katikati ya fantomu, ingiza meza, kisha ngoja dakika kadhaa maji yatulie. Anayebofya papo hapo hupata mizuka, yaani nakala za uongo za umbo, kwenye picha, anaita injinia, na injinia anakuta mashine ni nzima.

Mfululizo wa picha ni mfupi. Kwanza ni picha moja ya kuelekezea, ya wima kutoka mbele kwenda nyuma, unene milimita 20, TR (muda kati ya msukumo mmoja wa redio na unaofuata) milisekunde 200, TE 20. Hiyo haifiki dakika moja. Ya pili ni spin-eko ya T1: TR 500, TE 20, vipande 11 (tabaka za picha) vya milimita 5 vyenye nafasi ya milimita 5 katikati, uwanja wa picha wa sentimita 25, matriksi (gridi ya pikseli) 256 kwa 256, wastani mmoja (kila mstari hupigwa mara moja). Mwanafunzi apige hesabu kabla ya kubofya: milisekunde 500 mara mistari 256 ni sekunde 128, dakika mbili na ushee. Ya tatu ni eko mbili, TR 2000, TE 20 na 80, ambayo kwa hesabu hiyo hiyo inafika dakika nane na nusu. Asiyeweza kukadiria muda wa skani kichwani atasumbuka baadaye mgonjwa akiuliza, "Daktari, bado dakika ngapi?"

Kipande cha kwanza kipangwe pale kabari mbili za nyuzi 45 zinapokutana upande mmoja wa fantomu, na cha 11 kiangukie zinapokutana upande wa pili. Umbali kati ya vituo vyao ni milimita 100. Ukikosea hapa, kila kipimo kinachofuata kimeharibika, na utashangaa kwa nini spoku, vidoa hafifu vya kipimo cha mwisho, hazionekani.

Sasa vipimo vyenyewe. Kuna saba, lakini havina uzito sawa kwa mwanafunzi.

Usahihi wa maumbo ni rahisi kueleza ila ni rahisi pia kuukosea. Unapima urefu wa 148 kwenye picha ya kuelekezea na kipenyo cha 190 kwenye kipande cha 1 na cha 5, na katika cha 5 unapima pia kwa mshazari. Kikomo kilichozoeleka kwa muda mrefu kilikuwa kosa la milimita 2. Hapo ndipo wanafunzi wengi huilaumu gradienti, sehemu ya mashine inayopanga mahali pa kila ishara, bure, kwa sababu mpaka wa silinda husogea ukibadilisha windo na levo, yaani kontrasti na mwangaza wa skrini. Njia sahihi ni hii: punguza windo hadi mwisho, pandisha levo mpaka nusu ya maji iwe nyeusi na nusu nyeupe, andika namba hiyo, ndiyo wastani wa ishara ya maji. Kisha weka windo sawa na namba hiyo, na levo iwe nusu yake. Pima sasa. Wanafunzi wawili wakifuata utaratibu huu hawapishani kwa zaidi ya pikseli moja, na pikseli moja hapa ni milimita 0.98. Thamani ya kipimo hiki utaiona siku daktari wa upasuaji wa ubongo au wa tiba ya mionzi atakapochukua picha zako kupangia njia ya sindano au miale. Hapo milimita tatu si mchezo.

Ukali wa picha hupimwa kwenye kipande cha 1, kwa safu za vitundu vya milimita 1.1, 1.0 na 0.9. Vitundu vya 1.0 vinapaswa kutenganika katika pande zote mbili. Kama ni lazima uchague zoezi moja tu katika fantomu nzima, chagua hili, kwa sababu linafundisha jambo ambalo vitabu hulieleza kwa kurasa na bado halishiki. Piga T1 kama ilivyoelekezwa. Vitundu vya 1.0 vinaonekana. Kisha shusha matriksi ya mwelekeo wa fezi (upande ambao picha hukusanywa mstari kwa mstari) hadi 192 na usiguse kingine. Pikseli ya upande huo inakuwa milimita 250 gawanya kwa 192, yaani 1.3. Ghafla safu za upande mmoja zinaungana kuwa mstari wa ukungu, na za upande wa pili ziko salama. Badilisha mwelekeo wa fezi, urudie. Ukungu unahamia upande mwingine. Baada ya hapo mwanafunzi hasahau tena fezi ni upande gani. Pia anaelewa kilichofanyika kwa yule mgonjwa asiyetulia ambaye matriksi yake ilipunguzwa ili amalize haraka, na ripoti ikaandikwa "hakuna uvimbe kwenye tezi ya pituitari" bila kutaja kwamba picha isingeweza kuuonyesha uvimbe mdogo hata ungekuwepo. Tahadhari: mashine nyingi hukuza picha hadi 512 zenyewe baada ya skani. Zima ukuzaji huo, la sivyo utahesabu pikseli za kubuni.

Unene wa kipande hupimwa kwa ngazi mbili za mteremko wa 10 kwa 1 zinazopishana. Unapima urefu wa mistari miwili inayong'aa, wa juu na wa chini, unazidisha moja kwa nyingine, unagawanya kwa jumla yake, kisha unazidisha kwa 0.2. Mstari wa juu ukiwa 52 na wa chini 48, jibu ni 4.99, linalokubalika ni 5 kujumlisha au kutoa 0.7. Fantomu ikiwa imeinama kidogo, utapata kwa mfano 60 na 43, na jibu bado ni 5.01. Fomula inajisahihisha, jambo la werevu mkubwa. Jibu likitoka nje kabisa, shida iko kwenye mawimbi ya redio au gradienti, na hiyo ni ya injinia.

Mahali pa kipande: tazama vistari viwili vyeusi juu ya kipande cha 1 na cha 11. Tofauti ya urefu wao isizidi milimita 5, na kuhama kwenyewe ni nusu ya tofauti hiyo. Radiografa mzuri hulielewa hili haraka kuliko daktari.

Usawa wa mwangaza unatoka kipande cha 7. Chora duara kubwa la sentimita za mraba 200 hivi, tafuta ndani yake eneo la sentimita moja ya mraba lenye mwanga mwingi zaidi na jingine lenye mwanga mdogo zaidi, kisha: moja kutoa tofauti yao gawanya kwa jumla yao, mara 100. Namba 1,050 na 880 zinakupa asilimia 91.2. Kwa muda mrefu, mashine za chini ya 3T (tesla 3, nguvu ya sumaku) zilihitaji angalau 87.5, na za 3T, angalau 82. Ikishuka, angalia kwanza kama fantomu iko katikati ya koili, halafu kama plagi ya koili imekaa sawasawa, ndipo ushuku kwamba elementi moja ya koili imekufa. Kila kampuni ina jina lake la urekebishaji wa mwangaza, kama vile Prescan Normalize kwa Siemens, CLEAR kwa Philips na PURE kwa GE. Andika kama ulikuwa umewashwa au umezimwa, kwa sababu wiki hii ukiwashwa na wiki ijayo ukizimwa, chati yako haina maana. Epuka pia kipovu cha hewa kinachoelea juu; si kosa, kimo humo tu.

Mizuka hupimwa kwenye kipande hicho hicho kwa kulinganisha hewa ya juu na chini na hewa ya kushoto na kulia. Kikomo cha uwiano kilichozoeleka kwa muda mrefu kilikuwa 0.025.

Na spoku. Vipande vya 8 hadi 11 vina gurudumu lenye spoku kumi kama la baiskeli, na kila spoku ina vidoa vitatu. Vidoa huanza na kipenyo cha milimita 7 na kupungua hadi 1.5. Kontrasti ya gurudumu ni asilimia 1.4 kwenye kipande cha 8, 2.5 cha 9, 3.6 cha 10, na 5.1 cha 11. Inatokana na vitundu kwenye karatasi nyembamba za plastiki, si kemikali, kwa hiyo haibadiliki ukihamia sumaku nyingine au ukigeuza TR. Hesabu kuanzia spoku kubwa, kufuata saa, na usimame kwenye ya kwanza ambayo kidoa kimoja hakionekani. Usiruke. Wanafunzi huruka, kwa sababu jicho likishajua kidoa kipo hukiona hata kisipokuwepo, na tabia hiyo hiyo ndiyo huzaa vidonda hewa kwenye ripoti. Kwa 3T jumla ya spoku isipungue 37. Kikomo cha zamani cha spoku 9 kwa mashine ndogo kuliko hizo ni cha huruma mno; mashine ya 1.5T inayopata 9 usiiamini kwa ubongo.

Baada ya vipimo rasmi, fantomu inaanza kulipa gharama yake. Ongeza wastani kutoka 1 hadi 2: muda unaongezeka maradufu, lakini ishara dhidi ya kelele inapanda mara 1.41 tu, hesabu spoku uone kama dakika hizo zilistahili. Punguza unene kutoka 5 hadi 3: ishara inashuka hadi asilimia 60, spoku zinatoweka, na mwanafunzi anajua bei ya vipande vyembamba kabla hajavidai kwa radiografa. Panua upana wa bendi, uone kelele ikiongezeka. Badilisha kitu kimoja tu kila mara. Anayebadilisha viwili pamoja hajifunzi kitu.

Kwa zamu ya miezi mitatu, pendekezo letu ni kipimo kimoja kila wiki, saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza, picha ya kuelekezea na T1 peke yake. Pamoja na kuilaza haizidi nusu saa. Namba ziingie kwenye chati moja ya karatasi ukutani, pamoja na frikwensi ya kati ya mashine. Kwa 1.5T ni karibu megahezi 63.87, na sehemu moja kwa milioni ni hezi 64. Hiyo namba haikosi faida mjini hapa, kwa sababu stima hupotea. Umeme ukikatika sumaku haizimi, jambo ambalo wageni wa chumba hicho husahau kwa hatari yao. Kinachozimika ni mtambo wa kupooza maji, kompresa ya heli na gradienti. Umeme ukirudi, piga fantomu kabla ya mgonjwa. Frikwensi ikiwa imeruka tofauti na mwenendo wa wiki zilizopita, mwite injinia, kwa sababu kufuta ishara ya mafuta kwenye picha kwa frikwensi hutegemea pengo la hezi 220 tu kati ya maji na mafuta kwenye 1.5T, na pengo hilo halivumilii uga uliovurugika.

Mapungufu sasa, na si madogo. Ndani hamna mafuta, kwa hiyo ufutaji wa mafuta haupimiki. Hamna mtiririko, hamna pumzi. Difyusheni (picha ya mwendo wa maji ndani ya tishu), ambayo ndiyo picha ya kwanza unayoitazama mgonjwa wa kiharusi akiletwa, haimo katika vipimo vyake. Inapima koili ya kichwa. Koili ya uti wa mgongo, ambayo katika vituo vingi ndiyo inayofanya kazi zaidi, inabaki bila kupimwa. Koili mpya za kichwa zenye elementi nyingi ni finyu, na silinda hii haiingii katika baadhi yake. Pima kwa ndani kabla ya kulipa. ACR ina fantomu ya ukubwa wa kati kwa koili za namna hiyo.

Lakini pengo kubwa zaidi ni la usalama. Fantomu haivai mtandio wenye pini, haina wigi yenye klipu, haijawahi kupigwa risasi, haina kifaa cha moyo ambacho kadi yake ilibaki nyumbani Kayole. Haiogopi tundu la mashine. Idara inayompa mwanafunzi alama zote kwa fantomu bila kumsimamisha mlangoni ajaze fomu ya ukaguzi na wagonjwa halisi, kwa Kiswahili cha kueleweka, inazalisha mtu anayejua milimita lakini ataruhusu mtungi wa oksijeni wa chuma uingie ndani. Vitu hivi viwili vipewe saini tofauti kwenye logibuku, na ya mlangoni itangulie.

Kuhusu kununua: inaagizwa ng'ambo, imejaa maji tayari, kwa hiyo mwambie ajenti wa forodha mapema kwamba ni kifaa cha hospitali chenye kimiminika na umpe karatasi ya usalama wa kemikali. Bila hiyo inaweza kukwama uwanja wa ndege ikigharimu ada ya stoo. Chumvi za nikeli ni sumu. Ikivuja, vaa glavu, futa, na usimwage kwenye sinki. Usijaze upya kwa maji ya mfereji, kwa sababu T1 yote itabadilika na hakuna namba ya zamani utakayoilinganisha nayo. Ihifadhi imelala, mbali na dirisha lenye jua. Bajeti isipofika, tafuta kabatini: karibu kila mashine huja na chupa za majaribio za kampuni, na kwa usawa wa mwangaza, mizuka na frikwensi zinatosha kuanzia, mradi utumie chupa ile ile kila wiki na uiweke mahali pale pale.